Bwana Afya na Kilima cha Kupandishana

Kutoka Masasi mpaka Kigoma ni kuikata nchi yote kwa mshazari, kutoka kwenye mikorosho mpaka kwenye michikichi. Nilipanda basi hadi Dar es Salaam, nikalala kwa binamu yangu Mbagala, kisha nikaingia kwenye treni ya reli ya kati na sanduku la bati nililopewa na baba nilipomaliza kidato cha nne. Nilikuwa nimepata kazi ya kutunza stoo kwa mkandarasi aliyepewa barabara ya Kigoma na Ujiji. Miguu yangu wakati huo haikujua kutulia. Nilishatunza stoo Songea, Mtwara na Singida, na kote huko niliondoka kabla jirani hajajua ninapenda kula nini.

Treni haikuwa na haraka. Dodoma tulimeza vumbi, Tabora tukanunua asali kwenye chupa za maji, na baada ya Kaliua ikawa inakwenda kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Malagarasi maji yalikuwa pande zote mbili za reli, na behewa zima likanyamaza kuyatazama. Uvinza wanawake wakatupitishia chumvi madirishani. Kisha nikaona michikichi kila upande na udongo mwekundu, na mama mmoja wa Kasulu niliyekaa naye akaniambia nivae viatu, kwa sababu mbele hakuna tena pa kwenda. Ni kweli. Reli inapokwisha ndipo ziwa linapoanza, na ng'ambo yake ni milima ya Kongo, ya buluu kama moshi wa jikoni. Nilisimama stesheni na sanduku langu nikajiambia kwamba safari hii nimefika mwisho.

Kambi ya mkandarasi ilikuwa imejaa. Msimamizi akanielekeza Kasingirima, upande wa Ujiji, kwa mzee mmoja mwenye chumba cha uani. Nilimkuta amechuchumaa kibarazani akiipaka mafuta cheni ya baiskeli. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha badala ya kuniuliza kabila au mshahara akasema, "Hebu nione kucha."

Nikanyoosha mikono kama mwanafunzi wa darasa la pili. Akazikagua, akageuza viganja, akaguna.

"Umetoka wapi?"

"Masasi, Mzee."

"Kwenye korosho." Akasimama na kunipa ufunguo. "Maji ya kunawa yako pale, kwenye ndoo yenye koki. Ukitoka chooni bila kunawa nitajua, Korosho."

Tangu siku hiyo sikuwa na jina jingine katika nyumba ile. Na mimi nikamwita kama mji mzima ulivyomwita: Bwana Afya.

Watu wa rika langu wanamjua Bwana Afya ni nani. Ni yule ofisa aliyepita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo, mabucha na migahawa, na aliyefanya akina mama wafunike mitungi mbio wakisikia kengele ya baiskeli yake. Huyu wangu alikuwa ameshastaafu, lakini hakuna aliyeiambia kengele yake kwamba imestaafu. Akipita Ujiji sokoni bado vifuniko viligonga vyungu. Sijui alizaliwa mtaa gani wala babu yake alitoka wapi. Watu wa Ujiji wakianza habari za ukoo hawamalizi, na yeye hakuanza. Nilichokijua nilikijua kwa kuishi naye.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya kwenda kununua mkaa. Mguu wa kulia wa suruali aliubana kwa kibanio cha kuanikia nguo ili usiingie kwenye cheni, na mara nyingi alisahau kukitoa, akaswali nacho, akaenda nacho msibani. Mke wake, mama mpole mwenye ulimi mkali, alikuwa akisema kwamba baada ya kifo chake watamkuta na kibanio ndani ya sanda.

Alikuwa mtu wa sheria, na alikuwa na namna yake ya kuzivunja. Mama mmoja sokoni alinisimulia jinsi Bwana Afya alivyofunga kibanda chake cha maharage wakati wa kipindupindu, mbele ya wateja, bila hata kukaa kitako kumsikiliza. Jioni ile ile akabisha hodi nyumbani kwa mama huyo, uani, akavua kofia na kuomba sahani ya maharage yale yale. Mama akamwuliza kama ameyafungia kibandani ili aje ayale peke yake. Akajibu kwamba asubuhi alikuja Bwana Afya, na sasa amekuja jirani. Hao ni watu wawili na hawazungumzi. Akala, akalipa, akaomba yachemke zaidi kidogo kesho.

Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, ya fremu nzito, keria imechomelewa upya mara nyingi hata ikawa na chuma kingi kuliko baiskeli yenyewe. Usiku ililala sebuleni. Mke wake aliwaambia wageni kwamba ameolewa uke wenza na chuma, na kwamba mwenzake hapiki. Wakati wa kazi ofisi iliwahi kumpa pikipiki. Aliiendesha majuma machache akairudisha. Nilipomwuliza sababu alisema juu ya pikipiki alikuwa akifika kila mahali na haoni kitu. Choo kilichobomoka hukioni kwa mwendo ule. Wala mtu hakusimamishi akuambie mtoto wake anaharisha.

Alikwenda na baiskeli hiyo hata kusiko na njia. Alisimulia mara nyingi, na kila mara akicheka upya, jinsi alivyoipakia kwenye boti pale Kibirizi, akailaza juu ya magunia, akaenda nayo Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kule kaskazini mwa Gombe, ambako mlima umeingia ziwani na hakuna barabara hata ya mkokoteni. Wazee wa kule wakamzunguka. Wakamwuliza hiyo ataipanda wapi. Akawaambia hajaileta kwa ajili yao, ameileta kwa ajili ya kurudi nayo kutoka Kibirizi hadi nyumbani, maana akiiacha ufukweni haikuti. Basi kwa siku zote alizokagua visima vya kijiji kile, baiskeli ilisimama nje ya nyumba ya mwenyekiti kama mgeni rasmi, na watu walikuja kuizungusha pedeli.

Lakini alipomaliza kucheka alikuwa akisema jambo lingine. Kwamba kule aliona mama mjamzito akibebwa mgongoni kupelekwa kwenye boti, mawimbi yakimfika kiunoni aliyembeba, kwa sababu hakukuwa na gati. "Watu wakisema usafiri wanafikiria magari," aliniambia. "Mimi nafikiria yule mama. Ubao wa kukanyaga tu ungemtosha."

Sasa niseme habari ya kilima, kwa sababu bila kilima mtu huyu hajulikani.

Ukitoka Ujiji kwenda Kigoma njia inapanda kuelekea Mwanga, na baiskeli yenye mzigo haipandi pale kwa mtu mmoja. Wabeba mzigo walitoka vijijini alfajiri, wana madumu ya mawese, magunia ya muhogo, dagaa, mkaa. Chini ya kilima palikuwa na uwanja mdogo wa vumbi kando ya barabara, wakapaita Ngojeo. Ukifika pale unasimama mpaka atokee mwenzako, umjue usimjue. Akifika, mwenye mzigo mzito hutangulia: yeye anashika usukani, wewe unasukuma nyuma, mikono kwenye keria, kichwa chini, mpaka juu. Kule juu anailaza baiskeli yake majanini, anaiacha na mali yake yote, anashuka na wewe kwa miguu kuja kuichukua yako. Huko wakakuita kupandishana. Wala hakuna anayesema ahsante. Ahsante pale ni kushuka.

Mimi hayo sikuyajua. Siku yangu ya kwanza ya kazi Bwana Afya aliniazima baiskeli ya zamani ya mwanawe aliyehamia Dar, nikafunga nyuma sanduku la vifaa vya stoo. Pale Ngojeo nikamkuta mtu wa makamo mwenye madumu manne ya mawese. Aliitwa Nestori, familia yake ilitoka Burundi zamani ikapata makazi na shamba huku. Akaniona mgeni, akaniachia nitangulie ingawa mzigo wake ulikuwa mzito kuliko wangu. Akanisukuma mpaka juu, akihema. Nikamgeukia, nikamwambia ahsante sana kaka, Mungu akubariki, nikapanda baiskeli nikaenda zangu kazini.

Hadithi ilifika Kasingirima kabla yangu. Jioni nilikuta hata watoto wa jirani wananitazama kwa huruma. Bwana Afya alikuwa anakula. Hakunikemea. Alinisogezea bakuli la migebuka, samaki wa ziwani, akaningoja ninawe, akasema taratibu, "Korosho, umemwacha mtu chini."

Kesho yake nilifika Ngojeo mapema nikamsubiri Nestori. Nilipojaribu kumweleza, akatikisa mkono. "Ah, mgeni wewe. Nilidhani umekumbuka moto jikoni." Akacheka, akashika usukani, na mimi nikainama nyuma ya yale madumu. Mawese yana uzito wa kipekee. Yanacheza ndani na kukurudisha. Tulipofika juu akailaza baiskeli yake majanini. Tukashuka pamoja, na kule kushuka mikono mitupu kando ya mtu ambaye jana nilimkimbia ndiko kulikonifanya, nadhani, nikae Kigoma miaka mingi kuliko nilivyokaa popote.

Mabishano yetu juu ya barabara yalikuwa ya kila jioni. Mimi nilikula mshahara wa lami, kwa hiyo niliitetea. Nilimwambia bila barabara nzuri saruji haifiki, dawa hazifiki, na mji unabaki mwisho wa reli kama kibanda kilichosahauliwa. Alikubali yote.

"Nani amekuambia naikataa lami?" aliniuliza. "Lami ni tamu hata kwa tairi jembamba. Mimi nauliza moja tu, ambalo nimeuliza maisha yangu yote nikikagua vyoo vya soko. Nani ameshindwa kukitumia?"

Kila kitu kwake kilirudi chooni. Choo cha umma, alisema, hakipimwi kwa marumaru zake. Kinapimwa kwa yule anayekwenda kujisaidia kichakani wakati choo kipo. Na barabara vivyo hivyo: usihesabu magari, tazama nani anatembea mtaroni. Mke wake alikuwa akimwomba angalau wakati wa kula atafute mfano mwingine.

Wala hakutaka dunia nzima ipande baiskeli. Watu walimsema hivyo lakini walimwonea. Alichokitamani ni basi kubwa la kutoka Ujiji hadi Kigoma, Gungu na kuendelea, linalopita kwa saa yake hata likiwa tupu, ili nesi wa zamu ya usiku asitegemee bodaboda ya kubahatisha. Alitamani gati kwa watu wa Mwamgongo. Na alitamani ukanda mwembamba pembeni mwa lami, usiozidi upana wa mtu na mzigo wake. Nikimwambia fedha haitoshi kwa vyote, ananiambia basi tupange, tuanze na anayeumia. Nikimwambia wabeba mzigo wote watanunua pikipiki wakipata uwezo, hapo anakubali nusu. "Huenda," alisema siku moja. "Lakini anayesubiri kupata uwezo, asubirie wapi? Mtaroni?"

Kisha mhandisi akaitisha mkutano wa wananchi kuonyesha michoro, kwenye uwanja wa shule. Nilikuwepo, nimevaa fulana ya kampuni, nimekaa nyuma. Alieleza vizuri na kwa heshima: lami pana, taa, na kila upande mtaro mkubwa wa zege wa kupokea maji ya kilima. Bwana Afya akainuka. Akauliza Ngojeo itakwenda wapi. Mhandisi hakujua Ngojeo ni nini. Akaelezwa. Akatazama mchoro, akasema kwa bahati mbaya hapo ndipo mtaro unapopita.

Dereva mmoja wa Hiace akadakia kwamba hayo mabaiskeli ndiyo yanayosababisha ajali, yakae pembeni.

"Pembeni wapi, mwanangu?" akamwuliza Bwana Afya. "Nionyeshe, nikae."

Watu wakacheka, na nikaona mkutano umeelemea upande wake. Nestori aliyekuwa amesimama ukutani akapaza sauti kidogo, kwa ile lafudhi yake ya Kirundi: "Mzee anasema kweli. Mimi na ikinga yangu, nikisimama kwenye lami lori litanila. Nisiposimama, kilima sikipandi. Basi watoto wale nini?" Ikinga ndiyo baiskeli kwao, na wote pale walilijua neno.

Ndipo mwenyekiti wa mtaa, ambaye alikuwa mtani wake wa miaka yote, akasema akitabasamu, "Bwana Afya, huu mtaro uliuomba wewe. Kila kikao. Tangu mimi sijaoa."

Kicheko kilikuwa kikubwa, kisha kikafa, kwa sababu mzee hakucheka. Ilikuwa kweli tupu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameudai mtaro ule. Maji ya kilima yalikuwa yakiingia kwenye visima vya watu wa chini kila masika, na yeye ndiye aliyehesabu wagonjwa. Sasa mtaro umekuja, na umekuja kukaa juu ya mahali pekee ambapo wenzake wa baiskeli walingojana. Alivua kofia yake akaishika mkononi. Nilimwona kwa mara ya kwanza kama mtu mzee.

"Niliuomba," alisema. "Na usipojengwa nitauomba tena. Niliomba maji yapite. Sikuomba watu wafungiwe njia." Akamgeukia mhandisi. "Mwanangu, mtaro wa sokoni tuliufunika kwa zege ili akina mama wauze juu yake. Nifunikie kipande kimoja tu, pale chini. Maji yapite chini, watu wasimame juu. Sitakuomba kingine."

Mhandisi aliandika. Sisi wa stoo tulijua kwamba mengi yanaandikwa. Lakini huyu alikuwa mtu wa neno lake. Mtaro ulipofika chini ya kilima, mafundi walimwaga vibao vya zege vizito wakafunika kipande chenye nafasi ya kutosha baiskeli kadhaa na wenyewe. Ule ukanda wa pembeni haukujengwa, na basi halikuja. Siku vibao vilipokauka Bwana Afya alipanda juu yake, akarukaruka kidogo na kiatu chake kilichong'arishwa, akapiga kengele mara moja. Jioni alikula sana.

Ningependa kuishia hapo. Lami ilipokamilika kila mtu aliifurahia, mimi wa kwanza. Mkandarasi akaondoka na mitambo yake, na wenzangu wa stoo wakaenda naye kwenye barabara nyingine. Mimi nikabaki. Nilifungua duka dogo la vifaa vya ujenzi Gungu, nikanunua baiskeli yangu mwenyewe, na bado nililala kwenye chumba kile cha uani.

Lami iliwaleta bodaboda kwa wingi, na bodaboda wakatafuta kivuli na mahali tambarare pa kungojea abiria. Wakaipata Ngojeo. Wakaweka benchi na mwamvuli mkubwa. Bwana Afya aliwapigia kengele, wakasogea kwa heshima, alipopita wakarudi. Wakamwita Mzee Kengele. Alikasirika nao siku nyingi, kisha siku moja mke wake akaumwa goti hata kutembea hakuweza, na aliyempeleka hospitali polepole, akikwepa kila tuta, alikuwa mmoja wa vijana wale. Tangu hapo alikuwa akisimama kuwakagua kucha.

Na lile nililolisema nikibishana likatokea. Mmoja mmoja, wabeba mzigo wakanunua pikipiki, au wakawapa wenye pikipiki mizigo yao. Nestori naye. Nilimwona akipanda kilima na madumu sita bila kuinamisha hata kichwa. Nilifurahi kwa ajili yake, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda. Bwana Afya alifurahi pia, alimpongeza mbele ya watu. Lakini asubuhi iliyofuata nilipopita Ngojeo nilimkuta amesimama peke yake juu ya vile vibao, baiskeli imeegemea kiuno, gunia la mihogo kwenye keria. Alikuwa anangoja mwenzake atokee. Nikapunguza mwendo, nikampandisha, na yeye akashuka kuja kunisukuma ingawa nyuma yangu kulikuwa na mkoba tu. Nilipomwambia sihitaji, alinitazama kana kwamba nimekataa kunawa.

Nikaanza kutoka nyumbani kila asubuhi kwa saa ambayo naye angekuwa pale. Hatukuwahi kupanga. Siku nyingine nilifunga tofali kwenye keria ili asukume kitu.

Mwisho wa kuendesha kwake ulikuja wakati wa masika. Lori lilimpigia honi kutoka nyuma, akapisha, na pembeni hakukuwa na pembeni. Akaanguka mtaroni. Vijana wa bodaboda ndio waliomtoa. Nilipofika hospitali mkono ulikuwa umefungwa plasta na shati jeupe limejaa matope, na mke wake analia kwa hasira.

"Korosho," aliniambia, "nimeukagua ule mtaro. Ni msafi. Maji yanapita vizuri."

Mkono ulipona lakini haukuweza tena kushika breki. Baiskeli ikabaki sebuleni. Kila Ijumaa aliifuta, akaipaka mafuta cheni, akazungusha pedeli kama wale watu wa Mwamgongo. Kibanio aliendelea kukivaa.

Baba alipofariki kule Masasi, mama akabaki peke yake na mikorosho. Ndugu wakanipigia simu. Nilijua nikienda sitarudi. Nimeshaondoka mahali pengi, na najua tofauti kati ya kwenda na kuhama. Niliuza duka. Nikaamua kuichukua baiskeli yangu kama mzigo wa treni. Sanduku lile la bati nikalifunga kwenye keria kwa mipira, na juu yake dumu la mawese ambalo mke wa Bwana Afya alinipa kwa ajili ya mama yangu. Aliniaga mlangoni, akaniambia nimwambie mama kwamba nililelewa, kisha akaingia ndani upesi.

Bwana Afya akasema atanisindikiza. Tulitembea, mimi nasukuma baiskeli, yeye kando na fimbo. Alizungumza juu ya mfumuko wa bei ya sabuni. Pale Ngojeo vijana wakanyanyuka kwenye benchi na kumwamkia. Mmoja akajitolea kunipeleka stesheni na sanduku langu bure kabisa. "Acha," akamwambia mzee. "Huyu anapanda na mimi."

Akampa kijana fimbo amshikie. Akaenda nyuma ya baiskeli, akaweka mikono kwenye keria, ule mzima na ule uliopinda, akainamisha kichwa. Nikataka kukataa. Nikakumbuka jinsi alivyonitazama siku ile ya mkoba, nikashika usukani.

Tulipanda polepole sana. Magari yalitupita karibu. Nilikuwa naivuta baiskeli kwa nguvu ili uzito usimfikie, na nadhani alijua, kwa maana kila nilipozidisha nguvu aligonga sanduku kwa kidole. Nilisikia pumzi yake.

Juu tukasimama. Upande ule Kigoma inaonekana, paa za bati zikiteremka hadi stesheni, na ziwa. Nikailaza baiskeli majanini, sanduku na mawese na kila nilichokuwa nacho, nikageuka kushuka naye.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nashuka, Mzee."

"Kufuata nini? Mimi sina baiskeli kule chini."

Nilisimama. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona mtu juu ya kilima ambaye hana kitu cha kufuatwa chini. Akatoa leso, akajifuta uso, akaikunja vizuri.

"Treni itakuacha, Korosho. Nenda."

Nikafungua mdomo nimshukuru. Akaniwahi, akainua kidole chake cha ukaguzi, kile alichowainulia wenye mabucha.

"Usiseme," alisema. "Ukisema, tutakuwa tumemaliza."

Akageuka, akaanza kuteremka mikono nyuma, kibanio mguuni, akijiweka pembeni ambako hakuna pembeni, na kule chini yule kijana alikuwa tayari amesimama na fimbo yake, anamngoja. Nilimtazama mpaka alipofika kwenye vibao. Kisha nikainua baiskeli na kuiachia iserereke kuelekea stesheni.

Sasa niko kwenye mikorosho, na baiskeli ninayo. Huku ni tambarare, na mtu hupita na mzigo wake peke yake bila kumhitaji mwingine. Mara kadhaa nimeshika simu kutaka kumpigia Bwana Afya nimwambie neno lile, nikaiweka chini. Sijalisema mpaka leo.